Mapesa na Vijisenti: Maneno Mawili ya Siasa kutoka Bariadi

Bariadi, ambayo tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu na hapo kabla ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, imekipa Kiswahili cha siasa maneno mawili ya fedha: mapesa na vijisenti. Aghalabu maneno haya huhesabiwa kuwa mzaha wa magazeti, na hilo la pili hufasiriwa kwa ufupi kuwa "pesa nyingi". Fasiri hiyo yapotosha, kwa kuwa yaondoa hukumu iliyomo ndani ya neno.

Yafaa kuanza na mashina. Katika koloni la Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64, hata mwaka 1904 ilipogawanywa upya kuwa hela 100. Senti ilikuja na utawala wa Waingereza, ikabaki katika shilingi ya Tanzania iliyotolewa mwaka 1966. Yote matatu yalikuwa majina ya sarafu ndogo. Pesa na hela yamepanda daraja, yakawa majina ya fedha kwa jumla. Senti haikupanda: fukara husema hana hata senti.

John Cheyo, aliyegombea urais mwaka 1995 kwa chama cha UDP na baadaye akawa Mbunge wa Bariadi Mashariki, alijulikana nchini kote kwa jina la Bwana Mapesa. Kiambishi ma- hapa chaeleza wingi na ukubwa pamoja. Jina lachekesha, lakini halina uchungu, kwa kuwa mapesa hayo yalikuwa ya ahadi, na aliyeyasikia alijiona kuwa mmoja wa watakaoyapata.

Vijisenti ni kinyume chake. Mwezi wa Aprili 2008 Andrew Chenge, Mbunge wa Bariadi Magharibi na Waziri wa Miundombinu, aliulizwa juu ya akaunti katika kisiwa cha Jersey yenye zaidi ya dola milioni moja za Marekani, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja kwa thamani ya siku zile. Alizitaja fedha hizo kuwa vijisenti. Mwezi huohuo alijiuzulu uwaziri. Hakutiwa hatiani kwa jambo lile. Lakini neno halikumwacha.

Mtu aweza kudhani kuwa usemi huu ni athari ya Kisukuma. Dhana hiyo ni dhaifu. Udogo katika Kisukuma huonyeshwa kwa ka-, na Kiswahili cha bara kimekiazima kiambishi hicho katika maneno kama kahela. Viji- ni cha Kiswahili sanifu, nacho hutumika hasa kwa mashina mafupi, kama vijiti na vijito. Kwa senti, vi- peke yake ingetosha. Kwa hiyo jina la sarafu iliyo ndogo kuliko zote limeshushwa tena, na kwa kiambishi kizito kuliko kilichohitajika.

Tena, udogo katika Kiswahili una nyuso mbili. Mwenyeji amwambiapo mgeni, "Karibu katika kijumba changu," hujishusha mwenyewe. Asemapo "kijitu kile", humshusha mwingine. Yamkini msemaji wa 2008 alikusudia uso wa kwanza. Lakini unyenyekevu wa namna hii hukamilika pale tu msikiaji anapoweza kukubali kipimo cha msemaji, au anapokaribishwa kushiriki kile kilichoshushwa. Mkulima wa pamba wa Bariadi hakuwa na njia ya kuiona bilioni kuwa ndogo, wala hakukaribishwa. Basi kilichobaki ni uso wa pili; na kilichoshushwa si fedha, bali yeye asiyekuwa nazo.

Hii ndiyo sababu ya kuikataa fasiri ya "pesa nyingi". Kama neno lingekuwa na maana hiyo tu, lingekuwa sawa na mapesa, na kejeli ingekufa. Watu walilichukua neno bila kubadili hata herufi moja, wakamrudishia mwenyewe, udogo wake ukiwa mzima. Kamusi itakayoliandika hapana budi itaje kwanza maana ya asili, yaani fedha kidogo sana, kisha kejeli, kisha mwaka. Pasipo la kwanza, msomaji wa kesho hataelewa kwa nini wasikiaji walikasirika.