Undugu na Umiliki wa Bendi: Uhakiki wa Safari ya Wilson na George Kinyonga

Uhakiki wa muziki wa dansi wa Tanzania umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya bendi zilizokaa Dar es Salaam, na kumbi za Kinondoni na Temeke ndizo zinazotoa mifano mingi. Kwa mtazamo huo, Wilson Peter Kinyonga, mpiga gitaa na mwimbaji kutoka Tanga, pamoja na ndugu yake George, hubaki pembezoni kwa sababu tu kazi yao kubwa ilifanyika Kenya. Kuwaacha huko ni kupoteza kipimo muhimu, kwani bendi yao, Simba Wanyika, inadhihirisha jambo ambalo bendi za Dar es Salaam peke yake haziwezi kulidhihirisha: nini hutokea muziki wa dansi unapomilikiwa na ndugu badala ya taasisi.

Ndugu hao walianza katika Jamhuri Jazz ya Tanga mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, ambaye wahakiki humtaja kwa nadra. Mwaka 1971 walivuka hadi Mombasa na hapo Simba Wanyika ikazaliwa. Mwaka 1975 wakahamia Nairobi. Kuhama huku kusielezwe kama tamaa ya ugenini. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, ilhali Nairobi kulikuwa na kampuni zilizotoa sahani na kuziuza. Santuri nayo iliathiri fani. Wimbo uligawanywa katika pande mbili: upande wa kwanza ulibeba kisa, na upande wa pili ukayaachia magitaa na saksafoni nafasi ya kuzungumza. Ni katika upande huo wa pili, unaopuuzwa na wahakiki wanaosoma maneno tu, ambapo ustadi wa Wilson unasikika vyema: milio safi, isiyo na haraka, inayojibizana na gitaa la ridhimu bila kulifunika.

Tofauti ya umiliki inaonekana wazi mwaka 1978. Mwaka huo, jijini Dar es Salaam, Mlimani Park ilianzishwa na wanamuziki waliotoka bendi nyingine, ikiwa chini ya kampuni ya usafiri ya TTTS. Mwaka 1983 ilihamia mikononi mwa DDC. Wanamuziki walihama, vyombo vilibaki kwa mwajiri. Mwaka huohuo, jijini Nairobi, mpiga gitaa la ridhimu Omar Shabani na wenzake waliondoka Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika. Hapakuwa na mwajiri wa kuziba pengo. Waliobaki na jukumu hilo walikuwa ndugu wa Kinyonga. Waliijenga upya bendi, na pia wakarekodi kwa jina la Jobiso, lililoambatana zaidi na George.

Hata hivyo, hoja ya damu isivutwe kupita kiasi. “Sina Makosa” ya Les Wanyika ilipendwa kote Afrika Mashariki bila Kinyonga yeyote ndani yake, na ridhimu ya Shabani inayousukuma wimbo huo inathibitisha kwamba sehemu kubwa ya mlio uliohesabiwa kuwa wa ndugu hao ilitoka mikononi mwa wasio ndugu. “Wanyika” lenyewe likageuka jina la ukoo wa kimuziki, likabebwa pia na Super Wanyika ya Issa Juma. Kilichobaki mali ya ndugu ni bendi yenyewe, na hapo ndipo udhaifu wa muundo wao ulipojitokeza. Albamu ya Pepea ilitolewa Uholanzi mwaka 1992; George alifariki mwaka huohuo, Wilson akafuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikasambaratika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilipita majina ya JUWATA na OTTU, ikazika waimbaji na wapiga magitaa wake wengi, na ikaendelea kupiga kama Msondo Ngoma.