Mlinzi Anayemlea Mlinzi

Jumamosi asubuhi magari ya wenye mashamba hutoka Dar es Salaam, hupita Pugu, hupanda vilima vya Kisarawe na kutawanyika: wengine Masaki, wengine Kazimzumbwi, wengine hunyoosha kuelekea Maneromango. Ndani ya gari mojawapo kuna boksi, na ndani ya boksi kuna mtoto wa mbwa wa wiki nane anayelia. Mwenye shamba amemnunua baada ya kuibiwa korosho, au pampu ya maji. Anamkabidhi kwa mlinzi wa shamba, anaacha mfuko wa unga, anasema, "Nataka awe mkali," na Jumapili jioni anarudi mjini. Kuanzia hapo mbwa ana mmiliki mmoja na mlezi mwingine. Mmiliki ndiye atakayesifiwa kwa kuwa na mbwa mzuri. Aliyemfanya awe mzuri ni yule mlezi.

Mlezi mmoja wa namna hiyo ni jirani yangu. Ni Mzaramo wa makamo, mlinzi wa shamba la mikorosho na mihogo, na sote huku humwita Babu. Mbwa waliopita mikononi mwake unawatambua kwa tabia: hawakimbizi bodaboda, hawaibi mayai, hawarukii wageni, na wakibweka usiku watu huamka kwa sababu wanajua pana jambo. Nimemtazama akifanya kazi hiyo kwa muda, na nadhani nimeuona ufundi wake ulipo. Mbwa akikosea, wengi wetu tunamtazama mbwa. Babu hutazama ua.

Kazi huanza kwa mahali pa kulala. Banda lake la mabanzi huinuliwa juu ya matofali, ili maji ya masika yapite chini na mbwa asilale kwenye mchanga mtupu. Mchanga wa kivulini uliolowa mkojo ndimo nzi fulani hutaga mayai, na funza wake hupenya ngozi ya mbwa na kuacha uvimbe wenye tundu. Mlango wa banda huelekea lango la shamba, hauelekei barabara. Mbwa anayeiona barabara mchana kutwa hubwekea kila baiskeli ya mkaa, na akishazoea kubwekea kila kitu, mlio wake haumwambii mtu chochote. Kosa hilo Babu huliondoa kwa kugeuza banda, kabla mbwa hajapata nafasi ya kulitenda.

Chakula nacho kina utaratibu wake. Babu ni Mwislamu, na katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wa Pwani, mate ya mbwa ni najisi. Chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini hiyohiyo inamruhusu kufuga mbwa wa kulinda shamba. Basi mbwa ana sufuria yake na upawa wake, na Babu ana nguo za kazi anazozivua kabla ya swala. Mipaka hiyo imekuwa sehemu ya malezi yenyewe. Mbwa ambaye hajawahi kuonja chombo cha watu hana sababu ya kuzungukazunguka jikoni. Analishwa mahali pamoja na saa zilezile, mara tatu kwa siku hadi afike miezi sita hivi, kisha mara mbili. Ugali mtupu humjaza tumbo bila kumjenga mifupa, kwa hiyo Babu huchanganya dagaa au utumbo uliochemshwa vizuri. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu hampi, maana vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hampi pia, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Kila jioni, kabla ya chakula, mikono ya Babu hupita mwilini mwa mbwa kwa mpangilio usiobadilika: masikio ndani na nje, shingo, kwapa, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Hapo ndipo kupe hujificha. Anayemwona humshika karibu kabisa na ngozi, humvuta taratibu hadi atoke na kichwa, kisha humchoma moto. Kupe wa mbwa hubeba vijidudu vinavyoingia kwenye damu, na mbwa mchanga huweza kudhoofika huku mwenyewe akidhani ni uvivu. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari wakiona upele, na oili hiyo huingia mwilini kupitia ngozi na ulimi. Babu humsubiri bwana mifugo. Ukaguzi huo una faida nyingine inayoonekana baadaye: mbwa aliyezoea kushikwa masikio na miguu tangu akiwa mdogo hamng'ati mtu anayekuja kumchoma sindano.

Na sindano ni lazima. Dawa ya minyoo hurudiwa kila wiki mbili hadi mbwa afikishe miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kwa tarehe alizopangiwa na mtaalamu. Duniani ugonjwa huo hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takribani wote kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza hauponi. Ila huzuilika: wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuanzia mwaka 2010 mradi mkubwa wa chanjo ulizifikia wilaya za kusini-mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba, mbwa kwa mbwa, kijiji kwa kijiji. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki mwaka 1895 Louis Pasteur, mwanasayansi wa chanjo ya kichaa cha mbwa, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi ya chanjo Babu huiweka ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi yake ya mpiga kura. Na akisikia mtoto kang'atwa, neno lake la kwanza ni maji na sabuni: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya kikapu. Mtoto wa mbwa huwa na dirisha fupi, tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili au kumi na nne, ambamo anachokutana nacho kwa amani hukihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote. Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller walichapisha huko Marekani kitabu kilichokusanya utafiti wao wa miaka mingi kuhusu jambo hilo. Babu hajakisoma, ila dirisha analijua. Mbwa aliyeletwa na wiki nane amebakiwa na mwezi mmoja na kitu. Kwa kuwa chanjo bado hazijakamilika na ardhi ya kijiweni ina magonjwa ya mbwa wengine, Babu hamtembezi chini: humtia kwenye kikapu kilichotandikwa kiroba na kukaa naye pembeni ya barabara. Hapo hupita bodaboda, watoto wa shule, mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, mzee mwenye kanzu nyeupe na mwavuli, baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa. Kila kinapopita kitu kigeni, dagaa mmoja huanguka ndani ya kikapu. Mbwa hakemewi wala hasukumwi mbele. Anatazama, anatafuna, anazoea. Nusu ya mbwa wanaokimbiza pikipiki huku kwetu wasingezikimbiza kama mtu angekaa nao barabarani namna hiyo mapema.

Kisha huja miezi ya vurugu. Kati ya mwezi wa nne na wa sita mbwa hupoteza meno 28 ya utotoni na kuota 42 ya ukubwani, na fizi humuwasha hata atafune chochote. Katika nyumba nyingi huu ndio msimu wa fimbo. Kwa Babu ndio msimu wa misumari: kandambili, kamba, ndoo na nguo zote hutundikwa juu ukutani, na chini huachwa mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe na kipande cha kamba ya katani chenye mafundo. Mbwa hana cha kuharibu isipokuwa alichopewa akiharibu. Meno yakishakamilika, misumari inabaki na vitu vinarudi chini kimoja kimoja.

Kuchimba ndiko kulikonifanya nielewe anavyofikiri. Mbwa alikuwa ametoboa ua mzima, nami nikamuuliza, "Babu, huyu humpi adabu?" Akanizungusha kwenye mashimo. Shimo la chini ya mwembe, pana na la kina kifupi, limechimbwa mchana: hilo ni joto, mbwa anatafuta udongo wa baridi. Mashimo yaliyopangana kwenye matuta ya mihogo ni ya fuko; mbwa anasikia mnyama chini ya ardhi, na hiyo ni kazi nzuri, ila ifanyike nje ya matuta. Shimo refu chini ya uzio ni la anayetaka kutoka, maana kuna jike mtaa wa pili. "Makosa matatu hayo, mwanangu," akasema. "Fimbo moja itayajibu yote?" Shimo la kwanza alilijibu kwa kumwagia maji mahali pamoja kivulini na kumwachia pawe pake. La pili kwa matembezi ya alfajiri kandokando ya shamba. La tatu kwa mawe makubwa chini ya uzio na kwa kumwambia mwenye shamba amlete daktari wa mifugo amhasi mbwa.

Kuku wanataka subira kuliko vyote. Kuku anayekimbia humwita mbwa mchanga amfukuze, na kufukuza kwenyewe ni raha. Akifukuza mara moja, somo la kufukuza limeshaingia. Kwa hiyo Babu haruhusu ile mara ya kwanza. Mbwa hukaa kwenye kamba kando ya banda la kuku wakati wanapodonoa mtama. Akiwaangalia na kugeuza kichwa mwenyewe, anasikia "safi" na kupata kitu. Akivuta kamba, hakuna anayesema lolote. Babu anarudi naye nyuma hatua chache na kungoja. Huendelea hivyo wiki baada ya wiki, hadi siku mbwa analala na vifaranga wanapita mbele ya pua yake.

Si mbali sana na hapa, Morogoro, kanuni hiyohiyo imepata sifa ya dunia. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2000, na huko wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya huzoeshwa watu na sauti za dunia angali mchanga kabisa. Akinusa sawasawa husikia mlio mdogo, mara anapewa ndizi. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Siri yote imo katika muda: sifa lazima ifike katika sekunde ileile ya tendo. Mkono wa Babu una kasi hiyo. Mbwa akiacha kumrukia mgeni na miguu yote minne ikagusa chini, neno limeshatoka.

Hapo ndipo hoja ya ukali inaponiuma. Wapo wanaofunga mbwa mnyororo mfupi mchana kutwa, na wapo wanaomlisha pilipili, wakiamini watapata mlinzi. Pilipili huunguza tumbo tu. Mnyororo huzaa woga, na mbwa mwoga humng'ata yeyote, mara nyingi mtoto wa nyumbani au jirani aliyekuja kuomba moto. Mlinzi wa kweli anajua kilicho cha kawaida, kwa hiyo anatambua kisicho cha kawaida. Mbwa wa Babu anapobweka usiku, Babu hutoka na tochi kila mara. Pakiwa hamna kitu husema "basi" kwa sauti ya chini na kumpapasa shingoni. Pakiwa na mtu, au nguruwe pori kwenye mihogo, humsifu na kusimama naye. Hapigi kelele kutoka ndani, kwa sababu mbwa akisikia mtu anapayuka gizani huona amepata mwenzake wa kubweka. Kwa kutoka kila mara, Babu humthibitishia mbwa kwamba neno lake linasikilizwa, na mbwa anayesikilizwa hana haja ya kusema ovyo.

Wenye mashamba wanapaswa kulijua hili wanapofungua boksi Jumamosi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai kila anayefuga amtunze mnyama wake, na wajibu huo hauishii kwenye mfuko wa unga. Pesa ya chanjo, ya dagaa na ya dawa ya minyoo ni ya mmiliki, isitoke kwenye mshahara wa mlinzi. Na mlinzi akipiga simu kusema uzio una upenyo au banda linavuja, hiyo ni taarifa ya malezi na ijibiwe upesi. Walezi wa aina ya Babu wapo Kisarawe nzima, wakilipwa kwa kulinda korosho tu, ilhali wanafanya pia kazi ya pili inayotaka jicho, mkono na moyo wa kungoja. Kazi hiyo ni ufundi kamili. Iitwe hivyo, na ilipwe hivyo.