Nani Mchafuzi? Uhakiki wa Kauli ya "Anayechafua Alipe"

Katika semina na mikutano ya mitaa imezoeleka kusikika kauli hii: anayechafua alipe. Nchi tajiri za OECD ziliipitisha mwaka 1972, ikaingia katika Azimio la Rio mwaka 1992, na imo katika Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kauli yenyewe hatuipingi. Tunachohakiki ni tafsiri yake pale ada ya taka inapodaiwa mlangoni kwa mwananchi.

Kwanza tujikosoe. Huduma ya bure haikuwa huduma ya wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilizoa sehemu ndogo tu ya taka za jiji, na mwaka 1994 kazi hiyo katika kata za katikati ikakabidhiwa kampuni binafsi. Wanaodai kwamba kufuta ada kutatosha wanasahau kuwa gari haliendi bila mafuta, wala mzoaji hashibi pongezi. Basi suala ni nani alipe, kwa kipimo gani, na nani asimamie.

Tuanze na kipimo. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, mara nyingi kila chumba ni kaya. Mahali ada inapotozwa kwa kaya, nyumba hiyo hulipa mara sita, na taka zake nyingi ni maganda, majivu na mabaki ya chakula. Jumba la familia moja hulipa mara moja. Huo si usawa, ni hesabu iliyofumba macho. Wapo wanaotaka tuige Korea Kusini, ambako tangu mwaka 1995 kaya hununua mifuko maalumu na kulipa kadiri ya wingi wa taka. Lakini mfuko huo una maana pale gari linapofika. Lisipofika, kiroba kitaishia mtaroni, na mvua itakirudisha ndani ya nyumba.

Pili, mchafuzi ni nani hasa? Wengi wetu tunaijua chupa ya soda ya kioo. Ulinunua soda, ukaweka dhamana, ukarudisha chupa tupu, na kiwanda kikaiosha na kuijaza tena. Chupa hiyo haikuziba mitaro, kwa kuwa ilikuwa na thamani na mwenyewe aliihitaji. Ilipokuja chupa ya plastiki, kiwanda kiliondokewa na gharama ya kuirudisha. Gharama haikufa. Ilihamia kwa halmashauri, na kutoka kwa halmashauri ikahamia kwa mama wa nyumbani, ambaye hakuulizwa soda ifungwe katika nini. Anayeitwa mchafuzi ni mnunuzi, na aliyechagua plastiki anabaki na faida yake.

Tatu, tunajisifu kuwa taka zinarejelezwa. Kwa nguvu ya nani? Ni vijana na akina mama wanaookota chupa majalalani bila glavu, wakauza kwa kilo kwa bei anayoipanga dalali. Wanaipunguzia halmashauri mzigo, lakini hawalipwi hata senti kutoka katika ada hiyo.

Nne, tutazame taka zinakoishia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishinda halmashauri ya jiji katika Mahakama Kuu juu ya jaa lililokuwa likiwafukizia moshi. Jiji liliomba kuongezewa muda hadi mwaka 1991 Mahakama ilipokataa. Likajaribu Kunduchi Mtongani, nako wakazi wakalizuia mahakamani. Likaenda Vingunguti, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Taka ziliihama Tabata, lakini hazikuhamia Oysterbay. Hapo ndipo matabaka yanapoonekana bila kuhitaji darubini.

Kutokana na hayo, kada anayekwenda kuhimiza ada awe na majibu manne. Ada ipimwe kwa uwezo na kwa wingi wa taka, si kwa idadi ya milango. Mwenye kiwanda abebe gharama ya chupa na vifungashio vyake, kwa dhamana au kwa tozo. Waokotaji waundiwe ushirika wenye mizani yao na bei inayojulikana. Na hesabu ya ada isomwe katika mkutano wa mtaa: kiasi gani kimekusanywa, gari limekuja mara ngapi.

Asiye na majibu hayo asimwite mwananchi mkaidi. Aliyelipa ada na taka zikaendelea kumnukia mlangoni ana haki ya kuuliza, na sisi tuna wajibu wa kujibu.