Fundi wa Maji Moto

Siku hizi maabara hununua mchanganyiko wa kunakili DNA uliokwisha tayarishwa. Mwanafunzi hudondosha matone yake kwenye kichupa, hubonyeza kitufe, huenda zake kunywa chai. Ndani ya kichupa fundi anahangaika, na hakuna anayemjali.

Fundi huyo ni kimeng'enya cha bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana mwaka 1966 na Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Watu wa maabara wamemzoea fundi huyo, wakamkatia jina: Taq. Hunakili DNA kwenye nyuzijoto 72 hivi, na hata maji yakikaribia kuchemka hafi upesi.

Joto hilo ndilo lililompa umaarufu. Mimi hunivutia zaidi namna anavyochagua. Mbele yake huelea herufi nne za DNA, A, T, G na C, zote zimechanganyika, naye ana sehemu moja tu ya kuzipokelea. Ile inayotakiwa hubadilika kila hatua, kwa amri ya uzi wa zamani anaounakili. Ungedhani amekariri sura ya kila moja. Wapi! Hupima kiungo, kama seremala apitishaye kidole gumba kwenye fremu bila kuuliza mbao imetoka mti gani. A ikikaa na T, au G na C, upana ni uleule. A ikikutana na G, jozi hunenepa. C na T, hukonda. Jozi ikikaa sawa, ile sehemu ya kimeng'enya iitwayo vidole hufumba, na herufi ikafungwa kwenye uzi. Mwaka 1998 kundi la Gabriel Waksman lilichapisha maumbo yake yaliyosomwa kwenye fuwele: hapa vidole viko wazi, pale vimefumba. Nimeyakodolea macho maumbo hayo hata chai ikapoa.

Tena ni mkali kuhusu sukari iliyomo katika kila herufi. Herufi za RNA, zenye oksijeni moja zaidi, huzikataa karibu zote. Zile bandia zilizopungukiwa oksijeni, zinazotumika kusoma DNA, alizipokea kwa shingo upande, mpaka mwaka 1995 Stanley Tabor na Charles Richardson walipobadilisha asidi amino yake moja tu, ya 667. Tofauti ya asidi amino ya zamani na mpya ni atomi moja ya oksijeni. Akaanza kuzipokea mamia hata maelfu ya mara zaidi. (Dosari anayo: akikosea herufi, harudi kuifuta.)

Brock hakumfungia bakteria huyo kabatini. Alimweka kwenye hifadhi ya vijidudu, amchukue yeyote. Mwaka 1991 kampuni ya Cetus iliuza haki za PCR, mbinu ya kunakili DNA inayomtegemea fundi huyu, kwa dola milioni 300. Brock alifariki mwaka 2021 bila kudai fungu. Leo mtu akiomba fedha akasema anataka tu kujua nini kinaishi kwenye maji ya moto, ataulizwa kwanza kitauzwa wapi.