Daftari la madeni ndani ya GB 2

Netibuku ya mtumba ya mwaka 2009 humkatisha mtu tamaa kwa prosesa yake. Ni Intel Atom N270 ya GHz 1.6, yenye kiini kimoja, nayo hutekeleza amri kwa foleni: ya mbele ikisubiri data, za nyuma zinasubiri pia. Hata hivyo, kwa mwandishi wa programu, prosesa hiyo si tatizo kubwa. Tatizo ni RAM. Kwenye mashine hizi haivuki GB 2 hata ukiwa na hela ya kuongeza, na mlaji wake mkuu ni kivinjari.

Kazi ninayoichambua niliifanya kata ya Chemchem, Tabora mjini: programu ya kutunza daftari la madeni la duka la rejareja, kwa Python na SQLite. Kwa netibuku kazi hiyo ni nyepesi. SQLite haihitaji seva. Hifadhidata nzima ni faili moja. Kihariri cha Vim nacho hutumia megabaiti chache tu, wakati ukurasa mmoja wa wavuti wenye matangazo unaweza kumeza mia kadhaa. Kwa hiyo kivinjari nilikifunga kabisa, na maelezo ya Python nikayapakua mara moja yakakaa kwenye diski. Bando nalo likapona.

Mfumo ni Debian 12, bila mazingira mazito ya dirisha. N270 ni ya biti 32, na toleo la 13 lililotoka 2025 halina tena kisakinishi wala kerneli ya mashine za namna hiyo. Niliwasha pia zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuihamishia kwenye diski. Prosesa inaongezewa kazi kidogo, lakini kwenye diski ya zamani inayozunguka nafuu yake utaiona siku hiyohiyo.

Skrini ndiyo watu huilalamikia bila kupiga hesabu. Ina pikseli 1024 kwa 600. Ukitumia fonti ya Terminus yenye herufi za pikseli 6 kwa 12, unapata safu 170 na mistari 50. Hapo madirisha mawili ya safu 80 yanakaa bega kwa bega: msimbo kushoto, majaribio kulia, na nafasi inabaki. Macho yatachoka, sikatai, na kibodi yenyewe imebanwa kiasi kwamba vidole vinene vitagombana.

Kuhusu umeme, wengi huisifia Atom kwa kula wati 2.5 tu. Sifa hiyo ni nusu ya habari, kwa sababu chipu za 945 zinazoambatana nayo hula zaidi ya prosesa yenyewe. Pamoja na skrini, mashine nzima hucheza kwenye wati kumi hivi, na betri nzima ya seli sita huvuka saa kadhaa za umeme kukatika. Mtandao nao ukiwa haupo, Git haijali: unahifadhi kila hatua hapohapo, ukipata mtandao unasukuma.

Sehemu ngumu ni kazi isiyoenea kwenye netibuku. Wapagazi wa Kinyamwezi walioondoka hapa Tabora kwenda Bagamoyo walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, na bidhaa zilifungwa kwa kipimo hicho kabla ya safari kuanza. Nami nilipima hivyo hivyo mapema. Msimbo na majaribio madogo vinabaki kwenye netibuku. Kukompaili maktaba kubwa za C++ kunakwenda kwenye seva ya kukodi. Kuifikia seva kwa SSH ni maandishi matupu, data kidogo sana, ila mtandao wa simu ukiyumba kikao kinakatika. Mosh, iliyotoka MIT mwaka 2012, huvumilia hilo: mtandao ukirudi, kikao kinaendelea pale kilipoishia.

Mwenye duka sasa anaitaka programu hiyo kwenye simu yake. Android Studio inadai angalau GB 8 za RAM, basi hapo hakuna ujanja wa fonti wala zram. Msimbo wa Kotlin utaandikwa kwenye Vim, utasukumwa kwa Git, seva itaunda APK, na mimi nitapakua faili hiyo moja tu kuijaribu kwenye simu. Kila kosa dogo litagharimu mzunguko mzima wa kwenda seva na kurudi, na bei ya kazi nimeipandisha kwa sababu hiyo.