Ulimwengu Upi Utakaomfunza Mtoto?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya haya.

Wahenga wetu walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi umezuka ulimwengu mwingine, usio na udongo wala jua, nao waitwa darasa. Mwanafunzi huvaa miwani ya kompyuta, akageuza kichwa, akaona mji, bahari au msikiti kana kwamba yumo ndani yake. Wataalamu wauita uhalisia pepe. Wako wanaousifu kwamba utashika mahali pa mwalimu, na wako wanaoulaani kabla ya kuujua. Pande zote mbili zimefanya haraka. Yafaa tuupime kwanza.

Tuanze na lile linalotugusa Waislamu. Mwaka 2007 IslamOnline walitengeneza Hija ya kufundishia ndani ya Second Life, ulimwengu wa kompyuta ulioanzishwa Marekani mwaka 2003. Kila aliyeingia alikuwa na umbo lake humo. Akalivisha ihramu, akalizungusha Al-Kaaba, akalipeleka Mina na Arafa, akalitupisha vijiwe. Kisha Disemba 2021 ukazinduliwa huko Makka mpango wa kumwezesha mtu kulikaribia Jiwe Jeusi kwa miwani hiyo. Haukupita muda, Februari 2022, Idara ya Mambo ya Dini ya Uturuki ikatoa kauli: kuizuru Al-Kaaba kwa njia hiyo hakukatazwi, lakini hakuwi Hija kamwe, miguu ya mtu sharti iguse ardhi.

Kauli hiyo ni sahihi, na sababu yake yafaa kuelezwa. Hija ya kompyuta humfundisha mtu mpango wa ibada: kipi kitangulie, kipi kifuate, na wapi pa kusimama. Hilo ni jema. Mwalimu wa madrasa naye huweza kuweka sanduku katikati ya ua, watoto wakalizunguka mara saba. Kati ya sanduku lile na miwani hii sioni tofauti kubwa, ila hakuna mwalimu anayewaambia watoto wale kuwa wamekwisha hiji. Kisichokuwamo katika miwani ni joto, kiu, msongamano, na yule jirani anayekukanyaga mguu nawe umekatazwa kugombana. Nabii Musa, alayhi salaam, alifunga safari kumtafuta mja mwema ili ajifunze kwake, na sharti la kwanza aliloambiwa lilikuwa subira. Subira haionwi kwa macho. Na hiyo ndiyo siri ya methali yetu: ulimwengu hufunza kwa sababu unauma.

Sisi watu wa Tabora tunalo la kusema hapa, kwani mji wetu ulikuzwa na safari. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndipo ikaendelea hadi Ujiji. Kutoka pwani hadi kwetu palihitaji miezi mitatu hivi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Ugogo msafara ulitoa hongo ndipo upite. Na katika njia hiyohiyo walipitishwa wanadamu waliofungwa minyororo. Sasa tuseme mtu ameitengeneza njia hii ndani ya miwani. Mtoto ataondoka Bagamoyo baada ya chai ya asubuhi na kuingia Ujiji kabla ya adhana ya adhuhuri. Mnyororo atauona, lakini hautakuwa na uzito. Je, amejifunza, au amestarehe?

Tena liko lililo kubwa zaidi: nani aliyeutengeneza ulimwengu huo? Tazameni Kwihara, nje kidogo ya mji wetu. Tembe ile maarufu hutajwa kwa jina la Livingstone, mgeni aliyekaa humo miezi michache ya mwaka 1872. Wenyeji waliompokea na wapagazi waliobeba mizigo hawakupewa nyumba. Ikiwa tembe la udongo, lililo katika ardhi yetu wenyewe, laweza kumsahau mwenyeji, sembuse dunia iliyotengenezwa ng'ambo na mtu asiyepata kuiona Tabora? Kitabu huandikwa jina la mtunzi juu ya jalada, nawe waweza kumbishia. Katika miwani mtunzi amejificha, na mtoto hudhani anaona kwa macho yake mwenyewe. Elimu ya dini yetu imesimama juu ya sanadi: nani kakufundisha, naye kafundishwa na nani. Swali hilo tusilivue mlangoni pamoja na viatu.

Sisemi kuwa vyombo hivi havina kheri. Kati ya 2017 na 2019, mkoani Tanga, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, katika shindano la XPRIZE. Wengi wao hawakuwa wamepata kwenda shule, na baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua sana. Yakini hiyo ni kheri. Lakini kumjulisha mtoto herufi ni jambo moja, na kumlea ni jingine. Hata dhadi ya Kiarabu haisimami vizuri mpaka mwalimu amsikilize mtoto, amrudishe, amsikilize tena.

Basi nasaha yangu kwa wazazi na walimu ni hii. Miwani ikija, na ipokewe kama sanduku lile la uani: chombo cha kujitayarishia. Mwalimu aitazame kwanza, aulize nani kaitengeneza na kaacha nini. Na kila kilichoonwa ndani yake kifuatwe na tendo la nje: aliyeona njia ya misafara apelekwe kwa miguu hadi Kwihara, mzigo begani, aelezwe habari za waliobeba na za waliofungwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na awalinde watoto wetu na elimu isiyofika moyoni. Amin.