Picha Tatu Zisizo na Mlango

Karatasi inayobandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto wa hewa ukaa ni utungo kamili: una mhusika, mgogoro na kilele. Kwa kawaida husimuliwa kwa picha tatu. Mkono unachomoa pini, mdomo mpana mweusi unaelekezwa kwenye shina la moto, kishikio kinabanwa. Vitenzi ni vya kuamuru, vifupi, bila pambo. Ufupi huo ninauheshimu, maana msomaji ana moto mbele yake.

Lakini tazama kilichoachwa. Katika picha hizo hakuna ukuta, dari wala mlango. Mkono na moto vinaelea kwenye weupe wa karatasi, kana kwamba tukio linatokea uwanjani.

Sasa usome utungo huu Nachingwea au Ruangwa, ndani ya kijiofisi cha chama cha msingi msimu wa korosho: kompyuta, printa, betri na inveta, mafaili ya malipo hadi dirishani, na dirisha lenyewe limefungwa kuzuia vumbi. Tuseme chumba ni mita mbili kwa mbili, na dari iko mita mbili na nusu: mita za ujazo 10. Kilo moja ya hewa ukaa ikitoka hupanuka ikawa zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo. Mtungi wa kilo 5 ukimwagwa wote, zaidi ya asilimia 20 ya hewa ya chumba hicho inakuwa gesi hiyo, ilhali asilimia 10 inatosha kumzimisha mtu kwa dakika chache. Ule wa kilo 2 nao unaikaribia asilimia 10 hiyo. Gesi yenyewe haionekani, ni nzito kuliko hewa, na hujikusanya chini, pale pale mtu anapoinama kukagua waya. Wakazi wa Goma wanaiogopa gesi hiyo hiyo inapotoka ardhini na kutuama mabondeni. Huko huiita mazuku, nayo huua mifugo na watu.

Kwa hiyo utungo unafunga pazia mapema mno. Moto umezimika, msomaji amebaki ndani. Onyo la kupitisha hewa, likiwepo, mara nyingi liko chini kabisa, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, jirani na anwani ya kiwanda. Jambo lililowekwa karibu na anwani husomwa kama anwani.

Mimi ningeanza na mlango: “Fungua mlango, simama hapo, njia ya kutokea iwe nyuma yako. Chomoa pini, lenga shina la moto, bana. Usishike mdomo mweusi, baridi yake inaunguza. Moto ukizimika, toka upesi. Acha mlango wazi, usirudi mpaka hewa ibadilike. Moto ukikushinda, toka ufunge mlango.”

Wenye ofisi ndogo Nachingwea na Ruangwa, yaandikeni maneno hayo kwa herufi kubwa, myabandike ukutani juu ya mtungi, na chini yake namba ya Zimamoto: 114.